Kaisari Heraclius: aliishindaje Uajemi, kisha akapoteza Shamu na Misri?

Msomaji wa Nakuru (Nakuru)

Hamjambo wapenzi wa historia. Kikundi chetu cha kusoma hapa Nakuru kimekuwa kikiupitia Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani kule Pate mwaka wa 1728, ambao wengine huuita Herekali. Kila tunapokutana, mazungumzo huanza kwenye beti na vina, kisha huishia kwa yule mfalme wa Rumu (dola la Kirumi la mashariki, lijulikanalo pia kama Bizanti) ambaye mtunzi amempa majeshi yasiyohesabika. Vijana wanataka kujua kama aliishi kweli. Niliwajibu kwamba aliishi: ndiye Kaisari Heraclius aliyetawala Konstantinopoli kuanzia mwaka wa 610 hadi alipofariki tarehe 11 Februari 641. Hata hivyo, nilipozidi kusoma habari zake nilikutana na jambo ambalo bado sijaweza kulieleza vizuri mbele yao.

Katika miaka yake ya kwanza dola lilikuwa linamponyoka. Waajemi waliteka Dameski mwaka wa 613, Yerusalemu mwaka wa 614 na Aleksandria mwaka wa 619, na askari wao walifika Kalkedoni, ambako mtu akisimama ufukweni anaiona Konstantinopoli ng'ambo ya maji. Kaisari huyo huyo akatoka mwaka wa 622 kwenda vitani, akapigana kwa miaka sita hadi ndani ya nchi za adui, akasababisha Khosrow II, mfalme wa Uajemi, apinduliwe na watu wake mwenyewe, na mwaka wa 630 akaurudisha Yerusalemu Msalaba ulioaminiwa kuwa wa Yesu, ambao Waajemi walikuwa wameuchukua. Ungedhani kwamba aliyefika hapo hana wa kumtikisa tena. Lakini mwezi wa Agosti mwaka wa 636 jeshi lake lilivunjwa kando ya mto Yarmuk, Shamu ikaenda, na alipofariki Misri nayo ilikuwa inaenda.

Ninaomba wenye kuyajua mambo haya wanisaidie. Je, ilikuwa hazina tupu, ugomvi wa makanisa, uzee wa kaisari mwenyewe, au ni uhodari wa majeshi ya Waislamu tu? Na je, mtunzi wa Pate alikuwa na sababu ya kumwonyesha kama adui mkubwa kiasi hicho?

Mwalimu Mstaafu (Kisumu)

Ndugu yangu wa Nakuru, swali lako linastahili jibu refu, nami nitaanzia nyuma kidogo, kwa sababu wengi huanzia Yarmuk na hapo ndipo wanapopotea.

Mwaka wa 602 Kaisari Maurice aliwaamuru askari wake wakae ng'ambo ya mto Danube kipindi chote cha baridi badala ya kurudi makwao. Wakaasi, wakamtawaza Phocas, afisa wa cheo cha chini, na Maurice akauawa pamoja na wanawe. Sasa, Maurice ndiye aliyemsaidia Khosrow II kurudi kwenye kiti chake cha enzi mwaka wa 591, hivyo Khosrow alipata kisingizio alichokihitaji na kuingia vitani kwa jina la kumlipizia kisasi mfadhili wake. Vita hivyo havikuisha hadi mwaka wa 628. Tunazungumzia robo karne nzima ya mapigano kati ya madola mawili makubwa kuliko yote ya eneo lile, na sehemu kubwa ya muda huo mashamba yaliyochomwa na miji iliyotekwa ilikuwa ya Warumi.

Heraclius mwenyewe alitokea Afrika, na jambo hili halitajwi inavyostahili. Baba yake, aliyeitwa Heraclius vilevile, alikuwa gavana wa Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Mwaka wa 608 familia hiyo ilimwasi Phocas. Binamu yake Nicetas alipita nchi kavu kwenda kuitwaa Misri, naye Heraclius kijana akasafiri kwa merikebu hadi Konstantinopoli, ambako Phocas alipinduliwa na kuuawa mwanzoni mwa Oktoba 610. Lakini uasi wenyewe uligharimu sana: Warumi walipokuwa wakipigana wao kwa wao huko Misri, Waajemi walikuwa wakivuka mto Frati. Kwa hiyo kaisari mpya alirithi vita ambavyo kuja kwake kulikuwa kumevizidisha.

Kuhusu fedha, mambo yalikuwa mabaya kuliko vitabu vya shule vinavyoeleza. Mwaka wa 615 serikali ilianza kutoa sarafu mpya nzito ya fedha iliyoandikwa kwa Kilatini maneno ya kumwomba Mungu awasaidie Warumi, na malipo ya watumishi wa serikali yakapunguzwa hadi nusu. Ngano ya Misri ilipokatika, ugawaji wa mkate wa bure katika mji mkuu ukasimamishwa mwaka wa 618. Ili aweze kutoka vitani, Heraclius alikopa kutoka kwa kanisa: vyombo vya dhahabu na fedha viliyeyushwa, vikageuzwa sarafu za kuwalipa askari. Patriaki Sergius, mkuu wa kanisa la Konstantinopoli, aliridhia jambo hilo, jambo linaloonyesha jinsi hali ilivyokuwa ngumu. Ushindi wa mwaka wa 628 ulipatikana kwa mali ya mkopo.

Mwaka wa 626 nitauangalia kwa karibu zaidi, maana sisi tunaokaa kando ya ziwa tunaweza kuuelewa vizuri. Kuanzia mwishoni mwa Julai hadi tarehe 7 Agosti, Konstantinopoli ilizingirwa pande mbili. Upande wa Ulaya walikuwepo Waavari, watu wa nyika waliotawala kando ya Danube, pamoja na Waslavi waliokuwa chini yao. Upande wa Asia, pale Kalkedoni, alikuwepo jemadari Mwajemi Shahrbaraz na jeshi lake. Waajemi walikuwa mabingwa wa kubomoa ngome lakini hawakuwa na vyombo vya kuvukia. Hivyo Waslavi walileta mitumbwi iliyochongwa kutoka gogo moja, mingi sana, wakakusudia kuwavusha Waajemi na kushambulia kutoka ndani ya ghuba ya Pembe ya Dhahabu. Merikebu za Warumi zikaiwahi. Anayejua jinsi mtumbwi wa gogo unavyopinduka upesi ukigongwa ubavuni, kama tunavyoiona mitumbwi yetu hapa Dunga au kule Usenge, hatashangaa kusikia kwamba maji ya ghuba yalijaa maiti na mbao. Shahrbaraz alibaki akitazama tu kutoka ng'ambo. Waavari wakachoma mitambo yao ya kuvunjia kuta, wakaondoka.

Heraclius hakuwepo siku hiyo. Alikuwa mashariki, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mgumu na wa busara kuliko yote aliyoyafanya. Alituma sehemu tu ya jeshi kuisaidia Konstantinopoli, akauacha mji mikononi mwa Patriaki Sergius na jemadari Bonus, akaendelea kujiandaa kuingia Uajemi pamoja na wenzake wapya, Waturuki wa nyika za kaskazini. Tarehe 12 Desemba 627 alilishinda jeshi la Khosrow karibu na magofu ya Ninawi. Miezi miwili baadaye Khosrow alipinduliwa na mwanawe Kavad II.

Sasa hesabu miaka. Waajemi waliondoka Shamu na Misri mwaka wa 629. Majeshi ya Waarabu yalikuwa yameshaingia Palestina mwaka wa 634. Serikali ya kaisari ilipata takriban miaka mitano tu ya kurudisha makarani, kukusanya ushuru, kujenga upya ngome na kuwazoeza watu kumtii tena mtawala wa Konstantinopoli. Kijana wa Dameski aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka wa 634 alizaliwa baada ya mji wake kutekwa na Waajemi. Nchi zilirudi kwenye ramani, lakini utawala wenyewe ulikuwa haujarudi. Kwangu mimi hapo ndipo penye jibu la swali lako.

Mwana wa Mumias (Mumias)

Assalamu alaikum, nawasalimu nyote. Mwalimu amenena vyema, ila ningeomba tusiishie kwenye uchovu wa Warumi peke yake, kwa sababu uchovu haushindi vita. Lazima awepo mtu wa kuutumia.

Nianze na utendi. Kwa Mwislamu wa Pate, Rumu haikuwa nchi ya kubuniwa. Sura nzima ya Qur'ani inaitwa Ar-Rum, na aya zake za mwanzo zinasema kwamba Warumi wameshindwa katika nchi iliyo karibu, nao baada ya kushindwa kwao watashinda katika miaka michache. Hivyo ndivyo vita vilevile anavyoviandika Mwalimu, vikisikika Makka wakati vilipokuwa vikiendelea. Tena katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Abu Sufyan, ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu, anasimulia jinsi alivyoitwa mbele ya Heraclius huko Shamu akaulizwa maswali kuhusu Mtume: ukoo wake, ukweli wake, na kama wafuasi wake wanaongezeka au wanapungua. Kaisari anayeonekana katika masimulizi hayo ni mtu makini na mwenye akili. Mtunzi alilelewa katika elimu hiyo, kwa hiyo hakumtukuza adui wake bila msingi.

Vita vya Tabuk, yaani Tambuka ya utendi, kama vinavyosimuliwa katika beti ni jambo jingine. Mwaka wa 629 palikuwa na mapigano ya Muta kati ya Waislamu na jeshi la Rumu, ambako Zayd bin Haritha, Jafar bin Abi Talib na Abdallah bin Rawaha waliuawa. Mwaka uliofuata Mtume aliongoza jeshi hadi Tabuk, akakaa siku chache, akafanya mapatano na watu wa Ayla na miji mingine ya mpakani, akarejea Madina bila kukutana na jeshi la Rumu. Msomaji wa utendi auchukue mpambano ule mkubwa kama kazi ya mshairi, na asiutafute katika tarehe.

Nikirudi kwenye swali, mwanahistoria Mbizanti Theophanes, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 9, anaeleza kwamba makabila ya Waarabu yaliyokuwa yakilinda njia za jangwani kwa niaba ya kaisari yalinyimwa malipo yao madogo, na afisa aliyetumwa kugawa mishahara akawatukana badala ya kuwalipa. Watu hao wakaenda zao. Hapo utaona hazina tupu ya Mwalimu ikigeuka kuwa mlango uliobaki wazi. Lakini aliyepita mlangoni alikuwa Khalid bin Walid, jemadari wa Waislamu, ambaye mwaka wa 634 aliwavusha watu wake jangwani kutoka Iraki hadi Shamu, mahali ambapo Warumi hawakumtazamia. Huko Yarmuk mapigano yaliendelea kwa siku kadhaa. Majemadari wa Warumi hawakuwa wakisikizana, nao hatimaye walisukumwa kuelekea kwenye magenge yenye kina yaliyokuwa nyuma yao, ambako wengi waliangamia. Jeshi la Waislamu lilikuwa na amri moja na lilijua ardhi. Tukilisahau hilo tutakuwa tunasimulia nusu ya habari.

Binti Vihiga (Vihiga)

Ninawashukuru wazee wangu kwa maelezo haya. Mimi ni Mwothodoksi, na huku kwetu magharibi mwa Kenya tuko wengi kiasi, chini ya Upatriaki wa Aleksandria. Kila tarehe 14 Septemba tunaadhimisha Kuinuliwa kwa Msalaba, na katika ibada hiyo kumbukumbu ya Heraclius ipo hadi leo. Utenzi wa Akathisto tunaouimba wakati wa Kwaresima, ule wa kumshukuru Mama wa Mungu kama jemadari mtetezi, utangulizi wake huhusishwa na kuokoka kwa mji mwaka wa 626. Ninayataja haya ili msomaji ajue kwamba jambo hili lina uzito moyoni mwangu, na kwamba nitakayoyasema sasa si ya kumlaumu kaisari kwa wepesi.

Ugomvi wa makanisa ulikuwepo, na ulikuwa mkali. Tangu Mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka wa 451, Wakristo wengi wa Misri na sehemu kubwa ya wale wa Shamu hawakukubaliana na kanisa la kaisari kuhusu asili ya Kristo. Heraclius alijaribu kupatanisha. Kwa msaada wa Patriaki Sergius alileta fundisho la kwamba Kristo ana utashi mmoja, na mwaka wa 638 akalitangaza kwa waraka rasmi. Upatanisho huo ulishindwa pande zote mbili: Wakopti, ndio Wakristo wa Misri, waliukataa, na Sophronius, Patriaki wa Yerusalemu, alikuwa ameshaupinga kwa nguvu zake zote. Huko Aleksandria kaisari alimweka Cyrus, ambaye alikuwa patriaki na gavana kwa wakati mmoja, naye akawatesa wasiokubali. Benjamin, patriaki wa Wakopti, aliishi mafichoni kwa zaidi ya miaka kumi, na aliyemruhusu kurudi hadharani alikuwa Amr bin al-As, jemadari wa Waislamu aliyeiteka Misri.

Hata hivyo sikubaliani na usemi uliozoeleka kwamba Wakopti waliwafungulia Waarabu malango kwa shangwe. Shahidi wetu wa karibu ni Yohane, askofu Mkopti wa Nikiu, aliyeandika mwishoni mwa karne hiyohiyo ya 7. Kitabu chake kimetufikia kwa njia ya Ethiopia, kwa tafsiri ya Kigeez iliyofanywa mwaka wa 1602, na bila mafundi wa Kihabeshi tungekikosa kabisa. Yohane anaandika waziwazi kwamba kushindwa kwa Warumi kulikuwa adhabu ya Mungu kwa mateso aliyoyaleta Heraclius. Lakini mwandishi huyohuyo anasimulia jinsi watu wa mji wake wa Nikiu walivyouawa mitaani na makanisani, na jinsi Wamisri walivyotozwa kodi nzito na watawala wapya. Hiyo si sauti ya mtu anayeshangilia. Ninavyoona mimi, watu wa Misri hawakumpigania kaisari aliyewatesa, na kutopigana kulitosha. Amr aliingia Misri mwishoni mwa mwaka wa 639 akiwa na askari wachache kulinganisha na ukubwa wa nchi, ngome ya Babiloni karibu na Kairo ya leo ikaanguka Aprili 641, na Aleksandria ikakabidhiwa kwa mkataba, jeshi la Warumi likaondoka kwa merikebu mwezi wa Septemba 642.

Mkaazi wa Bungoma (Bungoma)

Naongeza machache kuhusu afya na nyumba yake, kwa kuwa muulizaji ametaja uzee. Heraclius aliyewaongoza askari Ninawi siye aliyeiagiza vita ya Yarmuk. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 60 hivi, na aliyaongoza mambo akiwa Antiokia, mbali na uwanja wa mapigano. Alipoiaga Shamu akarudi, alishikwa na hofu kubwa ya kuvuka maji, akakaa muda mrefu katika jumba la Hieria upande wa Asia. Mwandishi Nikephoros anasimulia kwamba hatimaye maofisa walipanga mashua nyingi zikawa daraja kwenye mlangobahari wa Bosporus, wakasimika matawi ya miti pande zote mbili ili kaisari apite juu ya farasi bila kuiona bahari.

Ndoa yake ya pili, ya Martina aliyekuwa binti wa ndugu yake, ililaaniwa na wengi kama zinaa ya maharimu. Alipokufa aliwaachia taji wana wawili wa mama tofauti, Constantine III na Heraklonas. Wa kwanza alifariki baada ya miezi michache, wa pili akapinduliwa pamoja na Martina kabla mwaka haujaisha, na Martina akakatwa ulimi. Mkataba wa kuikabidhi Aleksandria ulifanywa katikati ya vurugu hizo.

Msomaji wa Nakuru (Nakuru)

Nawashukuru nyote kwa dhati. Hoja ya Mwalimu ya ile miaka mitano nitaifikisha kwenye kikundi jinsi ilivyo, na masimulizi ya Abu Sufyan yatasomwa kabla ya utendi. Limebaki swali moja ambalo najua vijana wataniuliza. Uajemi nayo ilichoka, nayo ilishambuliwa na majeshi hayohayo, ikafutika kabisa, na Yazdegerd III, mfalme wake wa mwisho, akauawa mwaka wa 651. Mbona dola la Heraclius halikufutika?

Mwalimu Mstaafu (Kisumu)

Tazama mahali miji mikuu ilipokuwa. Ktesifoni, mji mkuu wa Uajemi, ulikuwa kando ya Tigri katika tambarare ya Iraki, karibu na jangwa walikotokea Waarabu, na tambarare hiyo ndiyo iliyolipa sehemu kubwa ya kodi. Ulipotekwa mwaka wa 637, mfalme alipoteza makao na hazina kwa pigo moja. Tena Uajemi ilishaanza kujila yenyewe: Kavad II alikufa kwa tauni mwaka uleule wa 628, Shahrbaraz naye alijitwalia ufalme mwaka wa 630 akauawa baada ya siku 40 hivi, na watawala wakabadilishana hadi Yazdegerd alipotawazwa mwaka wa 632 akiwa bado kijana mdogo.

Konstantinopoli ilikuwa mbali, nyuma ya milima ya Taurus na uwanda mzima wa Anatolia, ikizungukwa na bahari pande tatu na kuta za Theodosius II upande wa nchi kavu. Baada ya Yarmuk, Heraclius aliwaondoa askari waliosalia akawapeleka nyuma ya Taurus badala ya kuwapoteza wote katika Shamu. Wengi humhesabia jambo hilo kama kukata tamaa, nami nalihesabu kuwa uamuzi wa jemadari aliyejua nini bado kinaweza kuokolewa. Majeshi hayo ndiyo yaliyogawiwa mikoa ya Anatolia baadaye katika karne hiyo, na kutoka kwao dola lilipata ulinzi wake mpya. Waarabu walilifikia boma la Konstantinopoli zaidi ya mara moja, na mazingiwa makubwa ya mwaka wa 717 hadi 718 yaliposhindwa, mpaka ukabaki kwenye milima ileile ya Taurus kwa zaidi ya miaka 200.

Waambie vijana pia waiangalie Karthago alikotoka Heraclius. Iliendelea kuwa mikononi mwa Warumi hadi mwaka wa 698, miaka 57 baada ya kifo chake, na ilipoanguka, utawala wa makaisari katika Afrika ulikuwa umekaribia mwisho kabisa.